Radhi Nilizokuzuilia

Ibra, Sharqiyah
Mfunguo Nane 20, 1447
(Novemba 11, 2025)

Mpendwa mwanangu Shatha,

Marahaba. Najua ukiifungua barua hii utaniamkia moyoni kabla hujasoma, kama ulivyokuwa ukiniamkia mlangoni hata siku ulizonuna, basi nakuitikia mapema. Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo wewe? Mumeo Fuseini hajambo? Ghaith na Alyaa wazima? Kifua cha Alyaa kimetulia, au anaanza tena kukohoa sasa upepo wa vumbi unapokaribia kuingia huko Tamale? Mkanye asilale na dirisha wazi.

Mama mkwe wako mfikishie salamu zangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Ile siagi ya shea aliyoniletea kwa mkono wako bado najipaka magotini, na kila nikijipaka namwombea.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Joto limevunjika, kiyoyozi tumekizima na mlango wa uani unakaa wazi mpaka adhuhuri. Jumatano binti yangu Khulood alinipeleka soko la wanawake. Sikuweza kushuka garini, ila yule bibi tunayemnunulia ubani alikuja dirishani, akanishika mkono na kuniambia nimekonda. Nikamwambia, kunenepa nimekuachia wewe. Alicheka, lakini aligeuka kujifuta macho, nami nikaona.

Nisikufiche, moyo wangu umechoka. Miguu inajaa maji, na kutoka kitandani mpaka msalani napumzika njiani kama msafiri. Khulood na daktari huongea Kiingereza mbele yangu ili nisielewe. Wamesahau kwamba nilisomea ualimu Unguja kwa Kiingereza kabla ya wao wawili kuzaliwa. Nawaacha waseme. Nimeshayasikia yote, na siogopi. Ninachokiogopa ni kitu kingine, na ndicho kilichonikalisha hapa na kalamu.

Utauliza kwa nini sikukutumia sauti. Katika nyumba hii sauti ya simu ni ya kila mtu. Barua ya Kiswahili ni yako peke yako, kwa sababu mjukuu wangu Jumana anakisikia lakini hakisomi. Juzi kasema "kitabu yangu" mbele ya wageni, na nikamwona baba yako kabisa, vile ambavyo angemtoa nje arudi aseme tena.

Neno lenyewe ni hili, Shatha. Baba yako alikupa radhi. Mimi shangazi yako ndiye niliyekwambia amekunyima.

Ukitaka kuiweka chini barua kwa muda, iweke. Nitakungoja.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, bila kujipamba. Ilikuwa mwaka juzi, mwishoni mwa Shaaban, uliponitumia ile sauti ndefu. Ulieleza kwamba chama chako, kile chenye alama ya mwavuli, kinakaribia kupiga kura za wenyewe kwa wenyewe kuchagua nani atasimama kugombea ubunge jimboni kwenu, na wanawake wa chama wamekutaka usimame wewe. Ulisema pia kwamba ukifika huko itakubidi uache uraia wa Oman, maana sheria ya Ghana haitaki mbunge mwenye utii wa nchi mbili, na ya huku haitaki raia mwenye pasipoti mbili. Kisha ukasema kwa Kiswahili safi, kile nilichokufundisha mimi: "Shangazi, mwambie baba. Bila radhi zake sisimami."

Baba yako wakati ule alikuwa ameshapoteza masikio. Alizoea sauti yangu peke yake. Wengine wakimsemesha alisema wanampigia kelele. Mimi nilikuwa masikio yake, na kwenu nyinyi watoto nilikuwa ulimi wake. Sikupata kufikiri kwamba hiyo ni amana. Niliona ni kazi kama kumkatia kucha.

Basi baada ya sala ya alasiri nilimkaribia na kahawa yake. Nilitaka kumwambia umeingia chama, na neno likanikwama. Wewe hukuishi na neno hilo. Sisi tuliishi nalo.

Baba yetu, babu yako, alikuwa mtu wa Hizbu, na mjomba wetu Majid, kaka wa mama yetu, alikuwa wa Afro-Shirazi. Nyumba zilikuwa mtaa mmoja, na tangu utoto tulikuwa tukila kwao wakila kwetu. Zilipokuja siasa, dukani tuliacha kununua kwao, harusi tuliacha kualikana, na mjomba Majid alipofariki baba hakwenda kumzika. Mama alikatazwa hata kukaa matanga ya kaka yake. Alisimama nyuma ya dirisha, jeneza likapita chini na watu wakileta tahlili, na baba amekaa barazani ameupa mtaa mgongo. Mimi nilikuwa nimemshika mama kiunoni. Sikupata tena kuusikia mwili wa mtu ukitetemeka vile mpaka niliposhika wako.

Haukupita muda mrefu, yakaja mapinduzi. Babu yako alichukuliwa nyumbani asubuhi, hakurudi. Waliokuwa na sauti ya kumtetea mtaani ni watoto wa mjomba Majid, na hakuna aliyewalaumu kwa kunyamaza, hata mama.

Ndiyo maana tulipohamia Oman baba yako nyumba yake haikuingia siasa, na mimi nilishukuru kwamba huku tunachagua wajumbe wa Shura bila ya vyama. Uliponieleza zamani kwamba kwenu wewe ni wa mwavuli na shemeji yako ni wa chama cha tembo, na jioni mnakaa pamoja mnakula ule ugali wenu katika bakuli moja mkitaniana, nilimsimulia baba yako lakini mwenyewe sikuamini. Nilidhani unanipamba ili nisiwe na wasiwasi.

Kwa hiyo siku ile sikusema chama. Nilikimbilia Kiarabu. Nilimwinamia sikioni nikasema: "Shatha ameingia hizb. Anataka kusimama, anaomba radhi zako."

Akanitazama. Akasema: "Hizb ya ngapi?"

Unalijua swali hilo. Ndilo alilokuuliza kila magharibi ulipokuwa mtoto, ukikaa mbele yake mkekani kusoma Qur'ani: hizb ya ngapi leo? Nilipolisikia, moyo wangu ulisema, masikini Soud, akili imerudi nyuma, anadhani mwanawe ni mdogo tena na anamaliza fungu la Qur'ani. Sikumsahihisha. Na yeye akaweka kikombe chini, akasema: "Mwambie radhi zangu anazo, dunia na akhera. Asimame."

Maneno hayo nayaandika kama alivyoyatamka. Ni yako. Yamekaa kwangu muda huu wote kama mali ya yatima.

Nilitoka uani na simu. Nilijiambia kwamba radhi ya mtu asiyejua anachokiridhia si radhi. Nilijiambia kwamba lau angeelewa angekataa, na kwa hiyo nikikwambia amekataa nitakuwa nimesema kweli yake. Ndipo nikakutumia yale maneno: "Baba yako hataki. Amesema hapana, na usimuulize tena."

Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini leo sina sababu ya kujificha hata kwangu mwenyewe. Chama kiliniogopesha, ni kweli, ila hofu peke yake isingenifikisha hapo. Mama yako alipofariki ulikuwa hujui kufunga viatu. Nilikuchukua nikakulea na Khulood, na siku ulipokwenda kwa mumeo nilijisemea ni safari tu, pasipoti yake ni ya huku, siku moja atarudi. Uliposema utaiacha, nilihisi umeniambia hutarudi tena. Sikulinda roho yako, mwanangu. Nilikuwa nakuvuta.

Siku ya pili yake ulipiga simu ya picha. Unakumbuka? Ulilia tu, na mimi nikaigeuza simu akuone. Baba yako alinyanyua mkono akaupunga mbele, mara mbili tatu, uso wake ukiwa mkavu vile ulivyokuwa mkavu siku zote. Wewe ukadhani anakufukuza. Ukakata. Alikuwa anakwambia nenda, mwanangu, nenda. Akanigeukia akauliza mbona umekata, nikamwambia mtandao mbaya.

Ukajitoa. Ulinijulisha kwa maneno machache kwamba umemwachia mwenzako nafasi, na mwambie baba asiwe na kinyongo. Hilo nalo sikumfikishia.

Ramadhani ikapita, Idi ikapita, na joto lilipoanza baba yako akalazwa hapa Ibra na mapafu. Unajua hayo. Usilolijua ni kwamba asubuhi moja aliamka, akaniita karibu, akaniuliza: "Wameshapiga kura?"

Nikamuuliza kura za nini.

"Za hizb ya mwanangu," alisema. "Au wewe ulidhani nilidhani juzuu ya Qur'ani?"

Shatha, alicheka mpaka akapaliwa, mashine ikalia na nesi akaja mbio. Alipotulia akaniambia: "Mimi kiziwi, Kaltham, si mjinga. Nilikuwa nakutania. Uso wako siku ile ulikuwa kama umekuja kunitangazia maiti."

Alikuwa ameelewa tangu mwanzo. Alinitania kwa sababu aliniona nimeogopa, na alitaka kulichekesha neno ambalo lilimuua baba yetu. Na mimi nikautumia mzaha wake kukunyang'anya haki yako.

Akauliza tena kuhusu watu wa huko. Hakuniuliza nani ana nguvu wala nani atashinda. Aliniuliza kitu kimoja: "Wanazikana?"

Nikamwambia yale uliyonisimulia, kwamba mjomba wake Fuseini aliyekuwa mkubwa wa tembo alipofariki, watu wa mwavuli walikuja makundi kwa makundi, wakalibeba jeneza, na wakapika kwa siku zote za msiba. Aliitazama dari. Kisha akasema: "Basi hao wametushinda sisi. Mwache mtoto akae nao."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa na pumzi. Lakini majina ya wagombea yalikuwa yameshafungwa, wewe ulikuwa umeshajitoa, na niliona nikisema nitamuua. Nilimwambia kura bado. Kesho yake akauliza, nikasema bado. Akawa anauliza kila nikiingia. Alimweleza nesi kwa Kiarabu, na yule nesi wa Kihindi alikuwa akiitikia tu kwa kichwa, kwamba binti yake anagombea Afrika Magharibi, kwa mwavuli, siyo kwa tembo, asije akachanganya.

Siku aliyozidiwa alifumbua macho akanitazama bila kuuliza. Nilijua anachokitaka. Nikamwinamia nikamwambia: "Kashinda, Soud."

Akasema alhamdulillah. Halafu, kwa sauti niliyolazimika kuitafuta kwa sikio langu, akauliza: "Wale wengine wamempa mkono?"

Nikasema wamempa.

Baada ya hapo alisema shahada yake, na hakusema kitu kingine. Amekwenda akiwa na furaha niliyoitunga mimi. Sijui Mungu atalipokeaje hilo. Mimi mwenyewe sijui nililie au nilishukuru.

Ulipofika wewe alikuwa ameshazikwa. Ulikuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, ukaingia kati ya wanawake wa aza, waliokuja kutupa pole, ukiwa bado na vumbi la safari, ukapiga magoti mbele yangu. Uliniuliza: "Shangazi, hata mwisho? Hata neno moja juu yangu?"

Nami nikakwambia: "Hakusema kitu, mwanangu."

Ukaubusu mkono wangu. Nilikuwa nimekushika, na mwili wako ulitetemeka kama wa mama siku ile dirishani. Nililijua tetemeko lile, na bado nilinyamaza. Kulikuwa na watu, nilijiambia, nitamweleza wakiondoka. Wakaondoka. Nikasema nitamweleza kabla hajasafiri. Ukasafiri. Kila ulipopiga simu nilikusikia sauti imepungua, nikasema nikimwambia sasa nitampoteza kabisa. Uongo wa kwanza niliusema kwa pumzi moja, Shatha. Kuulinda ndiko kulikonichosha moyo, siyo ugonjwa.

Mwezi uliopita Fuseini alimwambia Khulood kwamba hukanyagi tena mikutanoni, na kwamba kila Ijumaa unamsomea baba yako kisha unakaa juu ya msala ukimwomba akusamehe. Khulood alinisimulia kama jambo zuri, kwamba una utiifu. Sikula siku hiyo. Mwanangu unaomba msamaha kwa kosa ambalo hukulifanya, kwa mtu ambaye hakuwahi kukukasirikia, na anayejua ni mimi tu. Nikifa kabla sijakwambia, hakuna duniani atakayekuzuia usiendelee kuomba.

Basi acha. Msomee baba yako, msomee sana, lakini usimwombe tena msamaha. Huna deni kwake.

Ndugu yako Thuwaini naye anaamini kwamba ulimkasirisha baba yenu, na najua ndiyo maana hakupigii. Atakuja Ijumaa kutoka Mudhaibi, na nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Kazi hiyo sikuachii wewe. Akinyanyuka akaondoka bila kunywa kahawa, nitakuwa nimestahili. Mlango wake kwako utafunguka, na hilo ndilo ninalolitaka.

Juu ya chama chenu, sikuambii usimame wala ukae. Sina tena ruhusa ya kukuambia. Najua kuna uchaguzi mwingine mbele, na najua nafasi uliyoiacha haikukungoja. Hilo sina namna ya kukurudishia. Ila ikiwa siku moja itakubidi uiache pasipoti ya huku, iache bila kunifikiria. Utakuja kwa viza kama wageni wengine, na Khulood atakupokea.

Sikuombi unisamehe upesi. Ukinisamehe kwa haraka kwa sababu mimi ni mgonjwa, utakuwa umenipa sadaka, na mimi sitaki sadaka kwako. Ninaomba jambo moja tu. Usimpe Khulood ujumbe aniletee, wala Thuwaini, wala Jumana. Nilikaa katikati ya watu wawili waliopendana, na umeona nilichokifanya huko katikati. Nipigie mwenyewe. Ukitaka kunilaumu, nilaumu kwa sauti yako, hata kama utapiga kelele, hata kama utanyamaza tu na mimi nisikie unavyopumua. Simu nitaishika mwenyewe. Na ukichelewa ukanikosa, basi sema lile ulilokuwa nalo, lolote litakalokuwa, pale pale ulipo. Nimeliridhia kuanzia leo.

Nisalimie Fuseini, mama yake, na yule shemeji yako wa tembo. Mwambie nilikuwa simwamini, na sasa namwamini. Wabusu Ghaith na Alyaa. Khulood na Jumana wangekusalimu lau wangejua nakuandikia.

Mungu akufungulie kila nililokufungia, awaweke watoto wako mikononi mwa watu wanaosema kweli, na mkono ulioubusu siku ile asiuhesabu juu yako.

Aliyekupenda vibaya, na bado akupendaye,

Shangazi yako,
Kaltham